Mkono wa Baba Kaushik

Miaka ile, mtu wa Shinyanga mwenye mota iliyoungua hakuhitaji kuelekezwa kwa Champaklal. Harufu ya vanishi ya nyaya za mota iliyokuwa ikikaushwa ndani ya pipa la mkaa ilimpokea kabla hajafika kona, akaifuata mpaka mlangoni. Mimi nimeivuta harufu hiyo mpaka nguo zangu zikasahau harufu nyingine. Jina langu Limi. Wateja wageni waliponikuta nimekaa kwenye jamvi, waya wa shaba umejaa mapajani, walidhani ni mke wa mlinzi. Niliwaacha wadhani hivyo, halafu nikawauliza mota yao iliungulia upande gani, na hapo adabu ilirudi yenyewe.

Champaklal sikuwahi kumwita kwa jina lake. Nilimwita Baba Kaushik, kwa mwanawe wa pekee, na yeye aliniita Mama Masele, kwa mwanangu wa kwanza. Alikuwa mfupi, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi mpaka unaogopa kuigusa, soksi amezivuta hadi chini ya magoti. Alizaliwa hapa hapa, baba yake akiwa fundi wa mitambo ya kuchambua pamba, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko cha wanangu. Mkewe, Mama Vasanti, alilalamika kwamba mzee huyu hata ndoto anaota Kisukuma, na yeye akikaa kando anataka kujua anagombana na nani huko usingizini.

Alinitoa barazani. Nilikuwa nasuka nywele za watu mbele ya duka la jirani yake, naye akaja akasimama akiangalia vidole vyangu mpaka mteja wangu akakereka. Akaniuliza kama waya wa shaba ungenishinda. Nikamwambia kichwa cha mtu kinalia na kinanung'unika, sasa waya utanishinda kwa lipi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake nikaanza kujifunza kusuka mota, yaani kuiwekea koili mpya ya waya, na domo langu hili hili ambalo wenye maduka wengine walisema halifai kuajiriwa, yeye alilipenda.

Sasa niwaambie alivyokuwa anapima joto, maana hapo ndipo ilipo habari yote. Mota ikishasukwa na kukauka, tuliiwasha ikazunguka ikiwa na mzigo. Baba Kaushik aliweka kiganja chake juu ya chuma, akanigeukia, akaanza kunisalimia. "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ya Kisukuma, hata kama jua limeshaelekea kuzama. Mimi naitikia. Ananiuliza nyumbani, nasema mhola, ni salama. Ananiuliza watoto, mhola. Ng'ombe, mhola. Shamba, mhola. Mwisho kabisa anauliza mvua. Na kwetu salamu haikimbizwi; anayeuliza anangoja ajibiwe ndipo aendelee. Kama mkono wake ulivumilia mpaka kwenye mvua, mota ilikuwa nzima, ichukuliwe. Kama aliuondoa kabla, mota ilikuwa inachemka kupita kiasi, na sisi tulirudi kwenye koili. Wateja walishaizoea lugha hiyo. Mtu alitoka Mwakitolyo na mota ya pampu ya kuvuta maji kwenye mashimo ya dhahabu, akaniambia kwa huzuni, "Dada, hii inaishia kwenye ng'ombe," nami nikajua shida ilipo.

Kazi hiyo ilimpa pia heshima kwenye mchezo wa magari ya rimoti. Kila Diwali, sikukuu ya Wahindi, familia za wenye maduka zilikusanyika kwenye uwanja wa ghala la pamba lililokuwa tupu. Walichora njia kwa chokaa, kona wakazijenga kwa matairi ya baiskeli na magunia, halafu watu wazima wenye vitambi vyao walisimama juu ya makasha ya soda wakishindanisha vigari vya urefu wa mkono. Ndugu waliokuwa Ulaya ndio waliovileta. Mwanzo walikuwa wao kwa wao, kisha wakaingia na wengine, akiwemo Herman, broka wa dhahabu wa Nyasubi kule Kahama, mtu wa cheni shingoni na kicheko kikubwa. Mimi nilikwenda mara ya kwanza kwa dharau. Nilipoona kigari kinapinda kona kwa upande huku kinatupa vumbi, nilijikuta nimesimama napiga kelele kuliko wenye magari.

Lakini Shinyanga ya Oktoba unaijua. Mvua bado, vumbi limekaa angani, sakafu ya saruji unaweza kuanikia mhogo ukakauka kabla hujageuka. Vimota vile vidogo viliungua ovyo. Ndiyo maana kati ya mzunguko na mzunguko yalikuwepo mapumziko, na kila gari lilikuwa na mtu wake wa kupima. Wengine walitemea mate wakasikiliza yanavyochemka. Baba Kaushik aliweka vidole viwili na kunisalimia, uwanja mzima ukinyamaza kutusikiliza. Hakuna gari alilopima likaungua. Watu walisema mkono ule ungefaa kuwekewa bima.

Kisha sukari ikamwingia mwilini. Daktari wa Mwanza alimkataza mambo mengi, naye akayasahau yote kasoro moja, kunywa chai bila sukari, nalo alilifanya kwa manung'uniko. Siku moja tulikuwa tunapima mota ya mashine ya kusaga. Akaweka kiganja, akanisalimia, akapita kwa ng'ombe, akafika mvua, na kwa vile alikuwa na furaha akaniuliza na mbuzi. Akatangaza mota nzima. Nilipoinama kuizima kiwiko changu kikaigusa. Haki ya Mungu, niliruka. Chuma kile kingekaanga yai. Nikamtazama, alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa akiimba taratibu, na kiganja chake kimeiva kwa wekundu wala hana habari.

Mimi, Limi, nisiyejua kunyamaza, nilinyamaza. Jioni Mama Vasanti aliniita jikoni kwake, akafunga mlango. Aliniambia juzi mumewe alishika sufuria ya dengu kwa mikono mitupu akaibeba hadi mezani, na yeye ndiye aliyesikia harufu ya ngozi. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na mzee alijua, lakini alijikaza kisabuni asimwambie mtu. Sababu ilikuwa Kaushik. Kijana huyo alikuwa anauza viatu Uingereza, na alikuwa amesema kwenye simu kwamba anakuja Diwali. Baba akiwa bado anaiweza kazi yake, basi, abaki. Akiwa haiwezi, duka linafungwa na wazee wanaondoka naye.

Baba Kaushik alishawahi kwenda huko mara moja. Alikaa msimu mzima wa baridi mbele ya hita ya umeme, aliporudi akatuambia kwamba ni nchi nzuri sana ila mota ikiungua wanaitupa. Alilisema hilo kwa sauti ambayo wengine huitumia kusimulia msiba. Mama Vasanti akaniambia kule mumewe hatamaliza mwaka. Tukatazamana, wanawake wawili, tukaelewana bila kuandikiana. Kuanzia siku hiyo kila mota aliyoipima yeye, nilisubiri ageuke, nikaipima upya kwa mkono wangu. Zilizokuwa zinachemka nilizifungua kwa siri nikazisuka tena. Nilichoka, nilikasirika, kuna siku nilitamani kumpigia kelele mzee wa watu. Lakini nilimpenda, na sioni haya kulisema.

Kaushik akafika, mwaka ule uliofuata mvua kubwa za El Nino. Aliniamkia shikamoo vizuri, nikamwitikia marahaba, na kusema kweli sikupata cha kumchukia. Alikuwa anamtazama baba yake anavyotembea, anavyokunywa chai, anavyofunga vifungo. Alikuwa mtoto mwenye hofu, basi. Na alikuwa amebeba zawadi. Akafungua kitambaa juu ya meza, pakawa na mota ndogo inayong'aa, nyaya tatu badala ya mbili. Rafiki yake anayerusha ndege za rimoti ndiye aliyempa. Haikuwa na kaboni, akatuambia. Mota za magari yetu zote zilikuwa na vipande vya kaboni vinavyosugua shaba ndani ili kupitisha umeme. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vikiisha, vikitoa cheche na joto. Hii hakuna kinachosuguana. Haiungui hii, Kaushik akasema.

Baba Kaushik aliishika, akaizungusha karibu na sikio, akatabasamu kama aliyepewa mjukuu. Halafu akamwambia mwanawe kwamba mota isiyoungua haijazaliwa. Yenye kaboni ikizidiwa ina adabu. Inanuka, inarusha cheche, inalia, mwenyewe unajua. Hii itakaa kimya inachemka. Waya wake utaungua vanishi, na sumaku zake zikipata joto kupita kiasi zitapoteza nguvu zisirudi tena, hata ukiipoza siku nzima. Tena huko kwenye ndege ilikuwa inapulizwa na upepo wa panga, na sisi tunaifunika chini ya bodi ya plastiki katikati ya vumbi la Shinyanga. Kaushik akacheka. Akasema basi, yeye ataendesha na baba atapima, kama zamani. Nilimwona Mama Vasanti akishika ukingo wa meza.

Siku ya mashindano ghala lilijaa. Kigari cha Kaushik kilipoachiwa, watu walinyamaza, kwa sababu hakikuwa na ule mlio wa nyuki wa magari mengine. Kiliteleza tu. Kilimpita Herman kwenye kona ya magunia, kikampita tena, na Herman aliyezoea kucheka akaacha kucheka. Mzunguko wa kwanza ukaisha tukiwa mbele mbali. Ukabaki wa mwisho.

Wakati wa mapumziko tulipiga magoti, mimi na Baba Kaushik, kigari kikiwa kati yetu. Nilipoinua bodi, joto lilinipiga kidevuni. Karatasi ya jina iliyobandikwa kwenye mota ilikuwa imelegea gundi, imeshuka upande. Nikajua. Baba Kaushik akaweka vidole vyake viwili juu ya ile mota, kwa utulivu, watu wamenyamaza, na Kaushik amesimama juu yetu anatazama.

"Mwangaluka," akaniambia.

Nikaitikia, maana mdomo ulishazoea. Akaniuliza nyumbani, nikasema mhola. Akaniuliza watoto. Nikisema ina moto, nimemwambia Kaushik mbele ya mji mzima kwamba mkono wa baba yake umekufa. Nikijibu mpaka mwisho, mota inaungua mbele ya macho yao, na mkono ule ndio ulioipitisha. Nikasema watoto mhola. Akaniuliza ng'ombe.

Nikanyamaza.

Nadhani kama hukukulia kwetu hutaelewa nilichofanya. Mtu mzima anakuuliza habari za ng'ombe wako, wewe unamtazama usimjibu. Hilo ni tusi. Nilisikia wanawake wa Kisukuma waliosimama nyuma wakiguna. Baba Kaushik akaniuliza tena, taratibu, kama anayedhani sikusikia. Sikujibu. Machozi yakaanza kunilenga na nikayakasirikia. Salamu isiyojibiwa haiendelei, na isipoendelea haifiki mvua, na isipofika mvua mota haipiti. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniwekea sheria hiyo. Akanitazama, na nikaona maana yangu imemfikia.

Akaondoa vidole. Akasema kwa sauti ya kawaida kwamba mota imeishia kwenye ng'ombe, gari halitoki.

Kaushik hakuamini. Akainama akaigusa, akaupeleka mkono mdomoni kama mtoto. Halafu akaushika mkono wa baba yake, akaugeuza. Vidole viwili vilikuwa vimeshaanza kuvimba malengelenge, na mwenye vidole alikuwa anavitazama kama vya mtu mwingine. Kaushik uso ulimshuka, akaendelea kuushikilia ule mkono.

Herman ndiye aliyesogea, na simlaumu, maana pampu ikifa chini mashimoni watu wanakufa maji. Aliuliza kwa heshima. "Mzee, mota yangu ya pampu uliyonipa mwezi huu. Uliipima kwa mkono gani?"

"Kwa mkono wangu," nikasema mimi. "Hiyo na nyingine zote. Kuna yoyote iliyoungua?"

Herman akafikiri, akatikisa kichwa. Hapakuwa na hata moja. Nilidhani nimemwokoa mzee wangu. Nilipogeuka nikaona ndiyo kwanza nimemmaliza, maana hilo la kupima upya hakulijua. Alijua mkono wake umekufa, lakini alikuwa anaamini bahati imemshika. Akasimama kwa shida, akakung'uta vumbi magotini, akamwambia mwanawe kwa Kigujarati maneno machache. Mama Vasanti alinitafsiria baadaye. Alisema tiketi zikatwe.

Sikulala vizuri, na asubuhi nilifungua duka kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Juu ya meza palikuwa na mota ya pampu ya Mwakitolyo, imekauka, inangoja. Nikaifunga mzigo, nikaiwasha ili nisisikie kimya. Nilijisema maneno mabaya, kisha nikamsema yeye, nikamsema na Kaushik, nikaisema hiyo sukari yenyewe. Saa ya chai ikapita. Hakuwahi kuchelewa huyo maisha yake yote.

Alipokuja, Kaushik alikuwa nyuma yake na kufuli jipya la kufungia duka mkononi. Baba Kaushik amefungwa bendeji, kaptula imepigwa pasi ileile. Hakunitazama. Akazunguka duka taratibu, akagusa kwa mkono wa kushoto pipa la vanishi, magurudumu ya waya, jamvi langu. Nilijua anaaga. Akafika mezani. Mota inanguruma. Akavuta kigoda chake, akakaa, mikono yote miwili akaiweka mapajani, akaitazama ile mota. Kaushik alisimama mlangoni akingoja.

"Mwangaluka, Mama Masele."

Nilikuwa nimefungua mdomo kuitikia ndipo nikaona anatazama mkono wangu. Hakuwa ananiaga. Nikanyoosha kiganja, nikakiweka juu ya chuma, pale pale alipozoea kukiweka chake. "Mwangaluka, Baba Kaushik."

Akaniuliza nyumbani. Mhola. Akaniuliza watoto, mmoja mmoja kwa majina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wakati wa kupima. Mhola. Ng'ombe akawauliza huku ananitazama machoni, na safari hii nilimjibu kwa sauti mpaka wapita njia wakageuka. Shamba, mhola. Joto lilikuwa linapanda lakini ni joto la kiungwana, la mota iliyosukwa vizuri. Akauliza mvua. Nikasema mhola, bado haijanyesha lakini mhola.

Mota imepita. Nikataka kuondoa mkono. Yeye akainua kidole kunizuia, hajamaliza.

"Na mkono wangu," akauliza, "umeamkaje?"

Kaushik kule mlangoni akageuza uso akatazama barabarani. Mimi nilikuwa nalia na nacheka kwa pamoja, pua inanitiririka bila haya.

"Umeamka salama, Baba Kaushik," nikamjibu. "Ila unauunguza."

Ni Kaushik aliyekuja akaweka kufuli juu ya meza, akazima swichi ya mota.